Nikate mishale inchi ngapi? Jibu kwa dada anayejiandaa kuwinda kwa upinde

Swali nililoletewa ni hili:

"Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, ni muuguzi hapa Minnesota, na mwaka huu nataka kuingia porini na mume wangu kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Nimenunua upinde wa kampaundi, ule wenye magurudumu, nguvu yake tumeiweka pauni 45. Dukani walinipima mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, wakapata sentimita 165. Wakasema mvuto wangu ni inchi 26, kwa hiyo mishale ikatwe inchi 26. Mume wangu anasema nisipoteze pesa, nitumie yake ya kaboni ya inchi 29 iliyoandikwa 340. Ana na ya zamani ya aluminiamu, imeandikwa 2219. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, dada. Kwanza nakuomba usikate mshale wowote wiki hii. Inchi ikishaanguka sakafuni msumeno hauirudishi.

Duka limekaribia, ila limekuwekea nafasi ndogo mno kwa mtu anayeanza. Mumeo naye amekosea, ingawa si kwa sababu utakayoidhania. Ule urefu wa inchi 29 haukudhuru chochote. Kasoro ya mishale yake ni hiyo namba 340, ambayo ni namba ya ugumu. Ningekuwa nimesimama nawe mezani, ningechukua mishale yenye ugumu wa karibu 500, nikapima urefu wake kwenye upinde wako mwenyewe, na bila shaka ningeishia inchi 27 na nusu hivi. Sasa nikueleze nimefikaje hapo, ili hata ukibadilisha upinde mwakani usimtegemee mtu.

Watu wanachanganya vipimo viwili. Urefu wa mvuto ni umbali ambao mwili wako unaufungua upinde. Urefu wa mshale ni urefu wa wano lenyewe, yaani kile kijiti cha mshale, kuanzia ndani ya ule mfuo wa noki (kile kipande cha nyuma) unapokaa upote, yaani kamba ya upinde, hadi pale wano linapoishia mbele. Chembe, yaani kichwa cha mbele, haihesabiwi, wala ule ukingo unaotokeza nje wa soketi, kile kipande kinachoingizwa mdomoni mwa wano kushika chembe. Vipimo hivi viwili vina undugu, lakini si kitu kimoja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima vilingane.

Angalia hiyo 26 yako imetokana na nini. Watengenezaji wa pinde Marekani walikubaliana zamani kupima mvuto kutoka kwenye upote hadi sehemu ya mpini iliyozama zaidi, pale shina la kidole gumba linapokaa, kisha wakaongeza inchi 1.75. Nyongeza hiyo inakufikisha takriban kwenye uso wa mbele wa mpini. Kwa hiyo mtu mwenye mvuto wa 26, kutoka kwenye upote hadi kiganjani kwake kuna inchi 24 na robo tu. Mshale wa inchi 26 ukivutwa mpaka mwisho, ncha ya wano itasimama hapo mbele ya mpini, na kiegemeo, kile kifaa kwenye mpini kinachoushikilia mshale, kitakuwa kimeubeba nyuma kidogo ya hapo. Ndiyo maana fundi wa duka alisema vile, na wapo wapigaji stadi wanaokata hivyo hivyo bila tatizo. Lakini hao wanaujua mwili wao. Wamevuta upinde uleule miaka na miaka.

Wewe bado. Kile kipimo cha mikono ni cha kukadiria: sentimita 165 ni inchi 65, ukigawa kwa 2.5 unapata 26. Ni mwanzo mzuri wa kuchagua upinde, na mimi pia hukitumia mtu akiingia mlangoni. Ila hakijui shingo yako ina urefu gani, unasimamaje, upote unaugusisha wapi usoni, wala kama kiachilio chako, yaani kifaa cha kuvutia na kuachia upote, ni cha kufunga kifundoni au cha kushika mkononi. Na mtu anayeanza hubadilika. Wiki za kwanza bega la mkono ulioshika upinde hupanda juu karibu na sikio. Baadaye linashuka mahali pake, mgongo unaanza kufanya kazi, na ghafla upinde uliokutosha unakubana.

Alikuja kwangu kijana mmoja akiwa na dazeni nzima ya mishale aliyokatiwa mahali kwa kufuata hesabu hiyohiyo ya mikono. Miezi miwili ya mazoezi, bega likatulia, tukabadilisha moduli, kile kipande cha gurudumu la upinde wake kinachopanga mvuto, tukaongeza mvuto inchi moja. Alipovuta akiwa amefunga kigumba, yaani chembe ya kuwindia, makali yake yalifika juu ya kiegemeo, upana wa kidole tu kutoka kwenye ngumi yake. Mishale kumi na miwili mipya, haikuwa na kazi tena kwake. Niliumia kama yangu.

Mshale mfupi kupita kiasi hauishii kwenye hasara ya pesa. Ukivuta na ncha ikarudi nyuma ya kiegemeo, mshale unadondoka, unaegemea mpini au mkono wako. Ukiachia hapo, nguvu yote ya upinde inasukuma kijiti kilichokwama. Kaboni haipindi ikabaki imepinda kama chuma. Inapasuka vipande virefu vyembamba, na vipande hivyo huingia kwenye kiganja au mkono. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza kazi ya kuvitoa. Ndiyo sababu nikisitasita kati ya vipimo viwili, sikuzote nachagua kirefu.

Jinsi ya kupima. Omba au nunua wano moja ambalo halijakatwa. Mengi hutoka kiwandani yakiwa na inchi 30 hadi 32. Litie noki, lifunge chembe ya mazoezi. Simama mbele ya shabaha, karibu nayo, kama unayetaka kupiga kweli, maana kidole kinaweza kuteleza na mshale ukaondoka. Usivute upinde mtupu usio na mshale, hata kwa kupima tu. Ukiuachia bila mshale, nguvu inayokosa pa kwenda inarudi kwenye upinde na inaweza kuuvunja. Vaa kiachilio chako mwenyewe. Vaa na koti utakalowindia, kwa sababu Novemba ya huko kwenu siyo ya shati, na mikono minene ya koti hubadilisha namna unavyokaa kwenye upinde. Vuta mpaka ule ukuta, pale upinde unapokataa kwenda zaidi, tulia kama unamlenga mnyama. Mumeo asimame ubavuni, asikae mbele hata kidogo, aweke alama mbili kwenye wano kwa kalamu ya wino mzito: moja juu ya kiegemeo, nyingine usawa wa uso wa mbele wa mpini. Shusha taratibu. Rudia mara tatu. Alama zikitofautiana kwa zaidi ya robo inchi, mwili wako bado unatafuta mahali pake na kukata ni mapema.

Ukishapata alama zinazokubaliana, pima kutoka ndani ya mfuo wa noki. Mstari wangu wa usalama ni kwamba wano lipite kiegemeo kwa inchi moja kamili bila kupungua. Huo ni mpaka wa chini, usiuchukue kama lengo. Kwa mwindaji anayeanza naongeza mpaka ncha ipite uso wa mbele wa mpini kwa inchi moja hadi moja na nusu, ili kigumba chenye makali kiwe mbele kabisa ya vidole, na pabaki nafasi ya kuongeza mvuto baadaye. Kwako, ikiwa ile 26 ni ya kweli, hapo tunafika 27 au 27 na nusu.

Babu yangu kule Kitui hakuwa na futi wala kalamu. Alikuwa anakiweka kitako cha wano katikati ya kifua, ananyoosha mikono yote miwili mbele, na wano lisipopita ncha za vidole analirudisha kwenye fungu la kuchezea watoto. Ukilijaribu utaona linakupa mshale mrefu kidogo kuliko unavyohitaji. Sidhani ilikuwa bahati.

Tuje kwenye namba 340, maana hapa ndipo watu hupotea zaidi kuliko kwenye urefu. Mshale ukisukumwa na upote hujikunja kama samaki kabla haujanyooka na kwenda. Lazima ujikunje kwa kiasi kinacholingana na nguvu ya upinde. Ukiwa mgumu mno au mlaini mno, unatoka umekaa upande na kigumba kinaupeleka kando. Ugumu huo viwanda huupima hivi: wano linalazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati linaning'inizwa jiwe la gramu 880, halafu wanasoma limebonyea kiasi gani. Likibonyea nusu inchi, yaani 0.500, linaandikwa 500. Likibonyea 0.340, linaandikwa 340. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, wano ni gumu zaidi. Wengi huisoma kinyume.

Mumeo pengine anavuta pauni 65 au 70, na mvuto wake ni mrefu kuliko wako. 340 inamfaa. Kwa pauni 45 na mvuto wa 26 itakuwa kama ufito wa chuma. Urefu unaingiaje? Wano lilelile likiwa refu hujikunja zaidi, likikatwa linakuwa gumu zaidi. Chembe nzito mbele nayo inalifanya lijikunje zaidi. Hivyo ni kweli kwamba kuiacha mishale yake kwenye inchi 29 kunailainisha kwako kidogo, na ukifunga chembe ya greni 125 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) badala ya 100 utailainisha kidogo tena. Lakini umbali kutoka 340 hadi karibu na 500 ni mkubwa, hauvukwi kwa inchi moja na nusu. Na ukichukua ushauri wa kuikata hiyohiyo iwe mifupi, unauongeza ugonjwa. Hilo nisingependa ulifanye hata kidogo.

Kila mtengenezaji wa mishale ana jedwali lake: unaingia na pauni za upinde, urefu wa mshale na uzito wa chembe, unatoka na namba ya ugumu. Tumia jedwali la kampuni iliyotengeneza mshale unaonunua, si la nyingine. Ingia nalo kwa urefu utakaokata kweli, si urefu wa mvuto. Nimeona watu makini wakikosea hapo tu, wakaishia na mshale usio wao.

Ile ya aluminiamu ina lugha yake. 2219 maana yake kipenyo ni 22 gawanya kwa 64 ya inchi, na unene wa ukuta wa bomba ni elfu 19 za inchi, yaani 0.019. Ni mshale mnene, mgumu, mzito. Kwa upinde wako haufai. Mwambie mumeo aitunze, ni mishale mizuri kwa upinde wenye nguvu.

Uzito nao unafungamana na urefu, ila hapa hesabu ni nyepesi. Mawano yana uzito kwa inchi, hupimwa kwa greni. Greni 7,000 zinafanya pauni moja. Tuseme wano lako lina greni 8 kwa inchi. Kwa inchi 27 na nusu ni greni 220. Ongeza chembe 100, soketi 15, noki 10, manyoya ya plastiki 18: jumla 363. Gawa kwa pauni 45, unapata greni 8 kwa kila pauni. Mpaka wa chini wa kulinda upinde ni greni 5 kwa pauni, na wewe uko juu yake kwa raha. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia ukate fupi upate kasi. Kukata inchi nzima kunaokoa greni 8, nusu gramu. Kulungu hatajua tofauti, ila vidole vyako huenda vikaijua.

Na mshale wenye uzito wa kutosha ndio unaoutaka. Babu zetu Wakamba walipaka vigumba sumu, wakavifunga kwa ngozi nyembamba isikauke. Mshale wao ulihitaji tu kuingia mwilini, iliyobaki ni kazi ya sumu na kufuata nyayo. Huko uliko sumu ni marufuku, na mshale wako unaua kwa kukata: lazima upite kwenye mapafu yote mawili na ikiwezekana utokee upande wa pili. Kwa pauni 45 hilo linawezekana kabisa kwa kulungu, mradi mshale usiwe mwepesi kama unyasi, kigumba kiwe na makali yasiyotembea badala ya yale yanayofunguka, ambayo hula sehemu ya nguvu yako kwa kujifungua, na usipige mbali. Mita 18, yadi 20, ningekuwekea huo ndio mpaka wa msimu wa kwanza.

Wengine watakuuliza kuhusu mizani ya mshale, yaani uzito ulioelemea mbele. Utafute mahali unapokaa sawa juu ya kidole, ukiwa na chembe yake. Kwa mshale wa 27.5, nusu yake ni 13.75. Ukikaa sawa kwenye 17.25 kutoka kwenye noki, umezidi nusu kwa inchi 3.5, ambayo ni karibu asilimia 13 ya urefu. Kati ya 10 na 15 inatosha kwa uwindaji. Usikeshe nalo.

Kukata kwenyewe umwachie mwenye mashine, lakini simama hapo uangalie. Kaboni hukatwa kwa msumeno wa gurudumu la kusaga unaozunguka kwa kasi. Kile kikataji cha mabomba cha mafundi wa maji kinaiponda na kuiacha na nyufa usizoziona. Vumbi lake lisivutwe puani. Barakoa na mashine ya kunyonya vumbi ni lazima. Muulize fundi swali moja: "Unapima na noki au bila noki?" Wano likipimwa tupu, na wewe umempa kipimo kilichoanzia kwenye mfuo wa noki, mtatofautiana robo hadi nusu inchi. Baada ya kukata, mdomo wa wano usuguliwe uwe sawa kabisa, la sivyo soketi itakaa upande na kigumba kitayumba.

Halafu usikate dazeni yote. Kata miwili. Ipige kwenye karatasi iliyotandazwa kwenye fremu, ukisimama hatua mbili tatu. Tundu likiwa safi, duara moja na alama za manyoya matatu, uko vizuri. Karatasi ikichanika kwenda pembeni, mpe fundi nafasi ya kusogeza kiegemeo kabla ya kuulaumu mshale. Kisha piga kwenye yadi 20 mmoja ukiwa na chembe ya mazoezi, mwingine na kigumba. Vikitua pamoja, kata kumi iliyobaki kwa kipimo hichohicho. Mimi huipa mitihani hii wikiendi mbili, kwa sababu siku ya kwanza mtu huwa na msisimko na anavuta kuliko kawaida yake.

Kila mara kabla ya kupiga mshale wa kaboni, ushike ncha mbili, uupinde kidogo kwa pande zote huku ukisikiliza. Ukilia kama kijiti kikavu, uvunje uutupe. Hili halina mjadala, hata kama umeununua jana.

Kama siku moja utahamia kwenye upinde wa rikavu usio na magurudumu, kumbuka hauna ule ukuta wa kukusimamisha. Leo utavuta 26, kesho baridi ikikukaza utavuta 25. Acha inchi mbili mbele. Na pauni zilizoandikwa kwenye upinde huo ni za mvuto wa inchi 28. Kwa kila inchi unayopungukiwa unapoteza kama pauni 2 hadi 3.

Kuhusu sheria, Minnesota inataka upinde wa kuwindia kulungu uwe na nguvu isiyopungua pauni 30, na kigumba kiwe na upana usiopungua 7/8 ya inchi. Upinde wako umepita hapo. Hata hivyo chukua kijitabu cha msimu huu ukisome mwenyewe, kwa sababu kanuni hubadilika.

Ukishapima, niandikie alama mbili za kwenye wano, ya kiegemeo na ya mbele ya mpini, pamoja na jina la mshale unaotaka kununua. Nitaingia kwenye jedwali lake nikuambie kama 500 inasimama au tuende 600. Na mwambie mumeo asihuzunike. Wano lake moja la 340 lisilokatwa, kama analo, ndilo hasa utakalohitaji kupimia.